Maswali ya Wasomaji Kuhusu Bustani: Maua ya Matunguu Yanukiayo Jioni

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali. Yako maua yatokanayo na matunguu ambayo maelezo ya Ulaya husema yapandwe katika majira ya kuchipua ili yachanue na kunukia mwishoni mwa majira ya joto. Je, sisi tusiokuwa na majira hayo tuyapande lini, na tuyatunze vipi? Nimechagua barua sita na kuzifupisha. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu mambo yenyewe hayalingani uzito.

Swali: Ndugu Mhariri, nilipewa zawadi ya matunguu ya gladiola ya Uhabeshi yaliyotoka Uingereza. Pakiti iliagiza yapandwe Aprili au Mei, yachanue Agosti na Septemba. Nilifuata agizo hilo. Mimea ilirefuka vizuri, lakini maua yalitoka katikati ya baridi na mvua, yakapigwa yakalala chini, na ile harufu niliyosifiwa nikaisikia kidogo sana. Je, ua hili halifai Nakuru? — Msomaji, Kiamunyi, Nakuru

Jibu: Ndugu msomaji, ua hili linafaa Nakuru, na tena Nakuru iko karibu na kwao kuliko Uingereza. Gladiola hii, ambayo wataalamu huiita Gladiolus murielae na ambayo pakiti nyingi bado huandika jina lake la zamani la Acidanthera, ni mmea wa Afrika ya mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Malawi. Tatizo lako limetoka kwenye tarehe ya pakiti, ambayo iliwekwa kwa ajili ya mtu anayeogopa sakitu. Mtunza bustani wa Uingereza hana budi kungoja umande ukome kuganda usiku na udongo upate joto, ndipo apande; mmea hutumia miezi mitatu hadi minne kufikia ua; na baada ya maua baridi hurudi na kuufunga msimu. Ana nafasi moja tu kwa mwaka, na Aprili au Mei ndiyo nafasi hiyo.

Wewe hubanwi na jambo hilo. Ukiacha sehemu za juu sana kama Molo, ambako sakitu huonekana katika miezi mikavu, udongo wa Nakuru unaweza kupokea tunguu la gladiola mwezi wowote, na urefu wa mchana haubadiliki kiasi cha kuusumbua mmea. Kwa hiyo anza kwa kuchagua mwezi unaotaka maua, kisha hesabu kurudi nyuma. Ushauri wangu, nami ninausisitiza, ni kwamba maua yanukiayo jioni yaangukie kiangazi chetu cha Desemba hadi Februari, wala si Julai.

Sababu yake imo katika namna harufu inavyofanya kazi. Ua la gladiola ya Uhabeshi ni jeupe lenye doa la zambarau iliyokolea katikati, na mrija wake mwembamba una urefu unaozidi sentimita 10. Ni nondo wakubwa wa usiku wenye ndimi ndefu wanaoweza kuufikia utomvu mtamu ulio chini ya mrija huo, na ndiyo maana ua huongeza harufu jua linapotua, wakati nondo hao wanapotoka. Harufu hiyo ni mafuta mepesi yanayogeuka kuwa mvuke. Jioni ikiwa na joto na hewa ikiwa tulivu, mvuke huo hupanda na kuenea hadi barazani, lakini jioni ikiwa ya baridi na mvua, mafuta hayo hutoka kwa uchache na matone huyaosha. Mmea uliochanua Julai pale Kiamunyi umefanya kila kitu ulichopaswa kufanya, ila hali ya hewa haikuupa nafasi.

Panda basi kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba. Mvua za mwisho wa Agosti zitaamsha tunguu, vuli ya Oktoba na Novemba itakuza majani bila wewe kuhangaika sana na ndoo, na mabua ya maua yatatokeza kuanzia Desemba mvua zinapopungua. Kuanzia hapo ni lazima umwagilie wewe mwenyewe, tena kwa kulowesha udongo kabisa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kuwa gladiola inayokauka wakati wa kutoa bua hughairi kuchanua na kubaki majani matupu. Tunguu likae sentimita 8 hadi 10 chini ya udongo, kwa nafasi ya sentimita 10 hivi kati ya moja na jingine, mahali penye jua kwa siku nzima. Yapandwe kwa kundi. Tunguu moja moja lililotawanyika bustanini halina nguvu ya kunukisha hata kona. Ukipenda maua yadumu, gawa matunguu yako mafungu matatu na uyapande kwa kupishana wiki mbili.

Maua yakiisha, usikate majani. Majani hayo ndiyo yanayolisha tunguu jipya linaloumbika juu ya lile la zamani, na tunguu jipya ndilo ua lako la mwaka ujao. Acha kumwagilia, majani yawe manjano yenyewe, kisha fukua kabla masika hayajaanza Machi. Anika kivulini, ondoa tunguu kuukuu lililosinyaa chini, utenge vitoto vidogo vinavyolizunguka, na hifadhi yote kwenye mfuko wa wavu unaopitisha hewa, ndani ya chumba kikavu chenye joto la kawaida la nyumba. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Agosti ni kama miezi sita, na huo ndio usingizi ambao mwenzako wa Ulaya huyapa matunguu yake kuanzia Oktoba. Vitoto vipandwe kitaluni peke yake; huchukua msimu mmoja au miwili kabla ya kuchanua.

Neno moja zaidi kuhusu zawadi hiyo. Matunguu yaletwayo kutoka nje ya nchi hutakiwa kuwa na kibali cha kuingiza mimea kinachotolewa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi yanakotoka. Sharti hili lisichukuliwe kama usumbufu, kwa maana magonjwa ya ukungu na virusi husafiri ndani ya tunguu linaloonekana zima kabisa, na kaunti yako ina wakulima wengi wanaoishi kwa maua. Wanaotaka kuanza waulize kwanza kwenye vitalu vya hapa nchini.

Swali: Mhariri, nilipanda tuberosi kwa ajili ya harusi ya binti yangu, zikachanua vizuri na nyumba nzima ikanukia. Tangu hapo zimegeuka kichaka cha majani kama nyasi, hakuna hata bua moja. Udongo wetu ni ule mweusi wa kunata. Nizing'oe? — Mama Harusi, Mamboleo, Kisumu

Jibu: Mama, usizing'oe kwa kuzitupa, zing'oe kwa kuzigawa. Tunguu la tuberosi huchanua mara moja tu katika maisha yake. Likishatoa bua, halitatoa jingine, lakini huzaa watoto wengi kulizunguka, na watoto hao wakibanana mahali pamoja hunyang'anyana chakula na hakuna anayenenepa vya kutosha kuchanua. Kichaka ulicho nacho ni ukoo mzima unaongoja kupewa nafasi.

Fukua kichaka chote wakati wa ukavu, kung'uta udongo, na utenganishe matunguu kwa mkono. Yale yenye unene wa sentimita 2 au zaidi na ncha iliyochongoka ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuchanua msimu unaofuata. Yaliyo membamba yapande tutani peke yake, uyalishe kwa mboji, uyangoje mwaka mmoja au zaidi. Lile la katikati lililokwisha kuchanua, ambalo mara nyingi lina kovu la bua kavu, halina faida tena.

Kisumu ni mahali pazuri sana kwa ua hili, pengine kuliko Nakuru. Asili yake ni Meksiko, nalo hupenda joto la nyuzi 20 hadi 30, joto ambalo Kisumu, iliyo kwenye mwinuko wa kama mita 1,130, hulipata takriban mwaka mzima. Nakuru iko juu zaidi ya mita 1,800 na usiku wake una baridi, kwa hiyo huko tuberosi huchelewa. Mwenye kuipanda Nakuru aiweke kando ya ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Kwako hesabu miezi minne kutoka kupanda hadi maua: ukipanda katikati ya Agosti, utakata mabua kabla ya Krismasi.

Kinachokupinga ni udongo. Ule udongo mweusi wa Kisumu na nyanda za Kano hushika maji wakati wa mvua hadi mizizi ikakosa hewa, kisha wakati wa jua hupasuka na kuikata. Kuuchanganya na mchanga kidogo hakusaidii. Inua tuta lenye kimo cha sentimita 30 hivi, ulijaze kwa mboji iliyoiva, samadi ya zamani na mchanga wa mtoni kwa wingi, na matunguu yakae juu kabisa, ncha zake zikiwa sentimita 4 au 5 tu chini ya uso. Usichague mahali palipokuwa na nyanya, bamia au biringanya hivi karibuni. Mimea hiyo huacha nyuma minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, nematodi, ambayo huingia kwenye mizizi na kuifanya ivimbe mafundo mafundo, na tuberosi ni miongoni mwa mimea inayoshambuliwa nayo vibaya. Utakapofukua, itazame mizizi. Ukiona mafundo hayo, matunguu hayo yasiingie kwenye tuta jipya.

Kuhusu kukata: kata bua asubuhi mapema, maua mawili au matatu ya chini yakiwa yamefunguka, kwa kuwa huchanua kutoka chini kwenda juu na vichipukizi vya juu kabisa mara nyingi havifunguki vikishakatwa mapema mno. Tuberosi ina sifa ambayo maua machache yanayo: huendelea kutengeneza harufu yake baada ya kuchumwa. Mafundi wa manukato wa mji wa Grasse huko Ufaransa waliitumia sifa hiyo kwa kuyalaza maua juu ya mafuta mazito yasiyo na harufu, yakaachia manukato yake humo, kisha wakayaondoa na kuweka mengine. Ndiyo maana chombo kimoja chenye mabua machache kilitosha kwa nyumba yako yote. Kwa chumba cha kulala, hata hivyo, ningeweka bua moja tu au nisiweke kabisa, kwani harufu yake usiku huwa nzito na wengine huumwa kichwa. Ukinunua matunguu mengine, chagua yale yenye maua ya safu moja ya petali. Yale yaliyojaa petali hupendeza macho, lakini ya safu moja ndiyo yanayosifiwa zaidi kwa harufu na hufunguka vizuri zaidi kwenye bua.

Swali: Gladiola zangu zina maji ya kutosha, maana nina kisima cha kuchimbwa, lakini ncha za majani hukauka na kuwa kahawia, na ukavu huo hushuka pembeni mwa jani. Nimepulizia dawa ya ukungu bila mafanikio. — Msomaji, Lanet, Nakuru

Jibu: Acha dawa ya ukungu, kwa maana dalili unazoeleza zinaelekeza kwenye maji yenyewe. Maji mengi ya visima vya Nakuru na Bonde la Ufa kwa jumla yana floraidi nyingi inayotoka katika miamba ya volkano, jambo ambalo wazazi wa huko wanalijua kwa sababu ya meno ya watoto wao yanayopata rangi ya kahawia. Gladiola ni miongoni mwa mimea inayodhurika na floraidi upesi kuliko mingine yote, kiasi kwamba wanasayansi wameitumia kama mmea wa kuonyesha uchafuzi wa floraidi hewani karibu na viwanda vya alumini. Floraidi husafiri na maji hadi mwisho wa jani. Maji hugeuka mvuke na kutoka, nayo hubaki pale pale ikirundikana hadi ncha inakufa. Kwa hiyo kadiri unavyomwagilia kwa bidii ndivyo unavyoongeza madhara.

Tiba ni maji ya mvua. Paa la mabati la nyumba ya kawaida hujaza pipa la lita 200 kwa mvua moja nzuri, na mimea 30 au 40 haihitaji maji mengi ikiwa tuta limefunikwa kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee. Okoa maji hayo kwa ajili ya gladiola, freesia na lili, na maji ya kisima uyapeleke kwenye mimea mingine. Vilevile epuka mbolea za supafosfeti, zile zinazoandikwa SSP au TSP, kwa sababu hutengenezwa kutokana na mawe ambayo nayo yana floraidi. Tumia mboji na samadi. Chokaa ya kilimo kidogo ikichanganywa kwenye udongo wenye asidi husaidia kuifunga floraidi isifyonzwe. Majani yaliyokwisha kuungua hayatapona, ila yatakayochipua baada ya mabadiliko hayo utayaona ni mazima zaidi. Kama pamoja na ukavu huo unaona michirizi yenye rangi ya fedha kwenye majani na petali, hao ni thripsi, wadudu wadogo sana wanaofyonza mmea, na hilo ni tatizo jingine: ondoa maua yaliyochakaa na nyunyiza maji ya sabuni au dawa ya mwarobaini jioni.

Swali: Je, niyaweke matunguu kwenye friji kabla ya kupanda? Nimesoma kwamba hayachanui bila baridi. — Msomaji, Kericho

Jibu: Inategemea ni matunguu ya nini. Tuberosi na gladiola ya Uhabeshi ni wazaliwa wa nchi za joto na friji huyadhuru. Lili kubwa zenye harufu, zile zinazotoka Uholanzi, zinahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 5 kwa wiki kadhaa kabla ya kuamka, na hata Kericho haina baridi ya namna hiyo kwenye udongo. Zinazouzwa huwa zimekwisha kupozwa, kwa hiyo mwaka wa kwanza hukupa maua mazuri. Mwaka wa pili itakubidi uzipoze mwenyewe kwa muda wa wiki 8 hivi, zikiwa ndani ya mboji yenye unyevu kidogo, mbali na ndizi na maembe yanayoiva, kwani gesi inayotoka kwenye matunda hayo huua ua likiwa bado ndani ya tunguu. Kwa anayeanza ningemshauri atumie fedha zake kwa tuberosi.

Swali: Huku kwetu baada ya mvua huchomoza porini mayungiyungi makubwa meupe yenye mistari ya waridi, nayo hunukia usiku. Naweza kuyafukua nikayapanda nyumbani? — Msomaji, Bungoma

Jibu: Nakusihi usiyafukue. Maua unayoeleza yanafanana na yale ya jamii ya Crinum, na Kenya ina aina zake kadhaa za asili, zikiwemo Crinum macowanii na Crinum kirkii. Tunguu lake huenda likawa na umri wa miaka mingi na liko chini sana. Anayelichimba kwa jembe kwa kawaida hulikata, na mahali hapo panabaki bila ua wala mbegu. Waganga wa mitishamba wanalitafuta, mashamba yanapanuka, na kando za barabara zinafyekwa. Tukiongeza na wapenda bustani, watoto wetu watalisikia kwa masimulizi tu.

Njia iliyo halali na rahisi ni mbegu. Baada ya maua, bua huinama hadi chini na kuachia mbegu nene zenye maji, mithili ya viazi vidogo vya kijani kibichi. Okota chache, usizikaushe wala kuziweka akiba, kwa sababu huchipua zenyewe hata mezani. Zilaze juu ya udongo wa kitaluni zikiwa zimefunikwa nusu tu, kivulini, na mzizi utashuka wenyewe. Utangoja miaka mitatu, minne au zaidi kabla ya ua la kwanza, na katika muda huo usiuhamishe mmea ovyo, kwani haupendi kusumbuliwa. Hapa kanuni niliyompa msomaji wa Kiamunyi haitumiki: ua hili hufuata mvua kubwa za kwanza kwa hiari yake, na wewe huna tarehe ya kupanga. Zingatia pia kwamba tunguu na majani yake vina sumu, hivyo lisipandwe mahali ndama au watoto wadogo wanapochezea.

Swali: Fuko amemaliza matunguu yangu yote. Nifanyeje? — Msomaji, Njoro

Jibu: Fuko hula matunguu ya gladiola kama anavyokula viazi, na mitego peke yake haitoshi kwa kuwa mwingine huja kuchukua mashimo yale yale. Chimba tuta lako hadi sentimita 40, tandika chini na pande zote seng'enge yenye matundu madogo inayojengewa vibanda vya kuku, ikunje ili ipande hadi juu kidogo ya uso wa udongo, kisha rudisha udongo na upande ndani yake. Kama eneo ni dogo, ndoo kuukuu za lita 20 zilizotobolewa chini zinatosha matunguu 6 hadi 8 kila moja, nazo zina faida ya pili: mimea ikikaribia kuchanua waweza kuisogeza karibu na mlango au dirisha la sebule, na ikiisha kuchanua ukaipeleka chini ya paa isinyeshewe, majani yakauke taratibu.